Dame mu telefone: mashini inaingia mu mtego uleule, jirani yako hapana

Siku mvua inanyesha na mashimo yamejaa maji, sisi wachimbaji tunakaa chini ya hema na tunacheza. Zamani ilikuwa dame ya vifuniko vya Primus juu ya ubao. Siku hizi, kutoka Butembo mpaka Beni, vijana wengi wanacheza dame peke yao mu telefone. Jioni, sababu ya usalama, milango inafungwa mapema, na watoto nao wanapokezana ile telefone mu nyumba.

Wengi wanatuuliza: namna gani mtu anaweza kushinda mashini? Inawezekana, sababu mashini iko na vilema vyake.

Kilema cha kwanza: haioni mbali. Ukiiweka ku kiwango cha chini, inahesabu hatua mbili tatu za mbele, kiisha inasimama. Chenye kiko nyuma ya pale, kwake ni giza. Mtego wenye kufunga ku hatua ya sita, itauingia yenyewe.

Cha pili: tamaa. Inahesabu pioni sawa vile mtoto anahesabu bonbon. Mpe moja, itakula. Na kwa sheria yenye kula ni lazima, wewe njo unachagua fasi pioni yake itatua. Unatoa moja, unakula mbili, saa ingine unafika dame.

Cha tatu: haikumbuki. Programu mingi ndogo zinajibu leo sawa vile zilijibu jana. Andika ku karatasi hatua zenye zilikushindisha, kiisha uzirudilie.

Musizani ni mashini ndogo tu. Kuko mchezo wa Asia unaitwa go, wa mawe meusi na meupe, ku ubao wa mistari 19 kwa 19. Mwaka 2016, programu AlphaGo ilimupiga bingwa Lee Sedol wa Korea ya Kusini michezo 4 kwa 1. Watu wakasema basi, mashini imemaliza. Lakini mwaka 2023, Mmarekani Kellin Pelrine, mwenye si mchezaji wa kulipwa, alishinda KataGo, programu ya nguvu sana, michezo 14 kati ya 15. Alizungusha mawe yake polepole kuzunguka kundi la mashini, huku anaichokoza ku pembe zingine. Mashini haikuona kama imezingirwa. Mtu wa kawaida angeona. Na ile njia, programu ingine njo ilikuwa imeigundua, yenye watafiti walitengeneza kwa kutafuta vilema.

Kuko mashini yenye haina mlango, ni kweli. Mwaka 2007, Jonathan Schaeffer wa Université ya Alberta, Kanada, na wenzake walionyesha kama mu dame ya ubao wa 8 kwa 8, programu yao Chinook haiwezi kushindwa. Ukicheza bila kosa, utapata sare tu.

Sasa tuongee ya pesa. Kijana anashinda telefone wiki nzima, kiisha anaenda kuweka mshahara wake mbele ya mzee wa kijiwe. Mara ya kwanza mtego unashika. Mara ya pili mzee anauona mbali, anaacha kijana ajiingize mwenyewe. Jioni, pesa ya minerval ya watoto imebaki ku ubao, na mama wa nyumba njo anabeba ile mzigo.

Mtu anajifunza, njo tofauti yote. Mu sendika tunaijua: ukipeleka madai yaleyale, kwa njia ileile, ku mlango uleule, wa ngambo ingine amekwisha kutayarisha jibu.

Basi, wazazi, mucheze na watoto, mu telefone na ku vifuniko. Kila kiisha mchezo, muwaulize: "Mwenzako alitaka nini?" Na pesa ibaki mu mfuko.