Urithi Uletao Kinga: Neno juu ya Okapi wa Bafwasende

Homa ikiingia kijijini haiwakamati wote sawasawa. Katika nyumba moja mtoto huyu hulala wiki tatu, nduguye hutoka jasho siku mbili akarudi shuleni, na wa tatu hana habari. Twasema, “Ndivyo Mungu alivyopenda,” wala hatusemi uongo. Lakini Mungu hutenda kwa njia, nayo njia hiyo yafaa kuchunguzwa. Mambo ni yale yale kwa wanyama wa mwitu, hata kwa okapi wa misitu yetu ya Bafwasende.

Mtawa wa Shirika la Mtakatifu Agostino, Gregor Mendel, alipanda njegere katika bustani ya monasteri, na mwaka 1866 akachapisha aliyoyaona: kila mzazi humpa mtoto sehemu ya urithi wake. Urithi huo leo twauita jeni. Ziko jeni ambazo kazi yake ni ulinzi. Hizo hutengeneza kama visahani vidogo mno juu ya chembe za mwili. Kijidudu kikiingia ndani ya chembe, hukatwa vipande, na kipande huwekwa juu ya kisahani. Askari wa damu wakipita hukiona, nao huanza vita. Lakini kisahani cha umbo hili hushika vipande vya ugonjwa huu, hakishiki vya ugonjwa ule. Kwa hiyo mnyama aliyerithi visahani vya namna nyingi hutambua adui wengi, na kundi lenye namna nyingi si rahisi kufagiliwa lote na tauni moja.

Huko Oklahoma, Marekani, wataalamu waliwapima kulungu wenye mkia mweupe. Mwaka 2001 walieleza kwamba madume ambao jeni zao za ulinzi kutoka kwa baba na kwa mama zilitofautiana sana walikuwa na miili mikubwa na pembe bora. (Mababu zetu waliokataza kuoa ndani ya ukoo hawakuwa na darubini, wala Kanisa halikungoja darubini kuzuia ndoa za ndugu wa karibu.)

Duma wanatuonyesha upande wa pili. Inaaminika kwamba zamani sana walipungua wakabaki wachache, na wote wa leo ni uzao wa hao. Stephen O’Brien na wenzake walichukua ngozi ya duma mmoja wakampandikiza mwingine asiye ndugu yake. Kwa kawaida mwili huikataa ngozi ya mgeni. Duma wale waliipokea kana kwamba ni yao wenyewe. Habari hiyo ilitolewa mwaka 1985. Miaka michache kabla yake, virusi viliingia katika hifadhi moja ya Oregon, virusi ambavyo paka wengi wa nyumbani huvivumilia, vikaua zaidi ya nusu ya duma waliokuwamo.

Turudi kwetu. Kusini ya Kisangani, katika misitu ya Lomami, wako bonobo wanaougua malaria ya jamii yao, ambayo bonobo wa kwingine karibu wote hawana. Kwa kuchunguza mavi yao, wataalamu walionyesha mwaka 2023 kwamba huko zimeenea zaidi jeni za ulinzi zinazofanana na ile inayowakinga watu wa Afrika Magharibi na malaria kali. Jeni hizo hazikuletwa na daktari yeyote. Zilikuwamo tayari katika urithi, chache, hata siku zilipohitajiwa.

Sasa okapi. Si kulungu, ni ndugu wa twiga. Uchunguzi wa mavi yake, uliochapishwa mwaka 2014, ulionyesha urithi wa kale sana na wenye matawi mengi. Urithi huo ungali upo. Lakini tangu mwaka 2013 mnyama huyu amewekwa katika orodha ya walio hatarini, na makambi ya dhahabu na almasi yanaukata msitu vipande vipande. Jike hubeba mimba miezi kumi na minne au zaidi, akazaa mtoto mmoja. Waya wa mtego ukimnasa jike kama huyo karibu na mto Lindi, kinachofika sokoni ni nyama ya siku tatu. Na jeni zake za ulinzi, labda za namna isiyo kwa okapi mwingine wa upande ule, hakuna anayeziuliza bei.