Waliowalinda wasichana wakati wa korona wapewe viti vya mbele

Mwezi Juni mwaka 2002, wazee wa Kimaasai wa Enoosaen, kijiji kilicho Transmara katika eneo la Narok, walimkabidhi mjumbe wa ubalozi wa Marekani ng'ombe 14. Kijana wao aliyekuwa akisoma Marekani alikuwa amerudi nyumbani na kuwasimulia maafa ya Septemba 11 mjini New York. Wazee hawakuwa na pesa za kutuma. Walitoa walichokuwa nacho.

Kijiji hicho kilikuwa kimezoea kutoa hata kabla ya hapo. Kakenya Ntaiya, msichana wa Enoosaen aliyechumbiwa akiwa na umri wa miaka mitano, alikubali kukeketwa kwa sharti moja: baba yake amwache aendelee na shule. Alipopata nafasi katika chuo kimoja huko Virginia, aliwaendea wazee mmoja mmoja kuwaomba baraka na msaada. Kijiji kikachanga, naye akaahidi kurudi. Mwaka 2009 alifungua shule ya wasichana kijijini hapo, ikianza na wanafunzi 30. Mzazi anayempeleka bintiye huko hukubali kwamba hatamkeketa wala kumwoza.

Historia hii hunijia kila ninapofikiria barua za shukrani ambazo shule za wasichana ziliwaandikia wahisani baada ya mwaka wa korona. Nyingi huenda mbali, ng'ambo, na ni haki ziende. Ila kuna watu wa karibu ambao bila wao wahisani hao wasingekuwa na msichana wa kumlipia karo.

Jumapili ya Machi 15, 2020, Rais Uhuru Kenyatta aliagiza shule zifungwe, na wanafunzi wa mabweni wakapewa hadi Jumatano wawe wamefika kwao. Wasichana walibeba masanduku wakidhani ni likizo ya majuma machache. Mwezi Julai, Waziri wa Elimu George Magoha alitangaza kwamba mwaka huo wa masomo umekwisha kupotea. Wanafunzi wa gredi ya nne, darasa la nane na kidato cha nne walirudi Oktoba 12. Wengine wote wakasubiri hadi Januari 4, 2021. Ni zaidi ya miezi tisa.

Kwa msichana wa Transmara, Kuria au Pokot, bweni ni zaidi ya mahali pa kulala. Ni ngao. Ukeketaji huku kwetu hungojea likizo ndefu ya Desemba, na mwaka 2020 likizo ilianza Machi. Upande wa Kuria, mwaka huo ulipokuwa ukielekea ukingoni, wasichana walikeketwa kwa makundi na kutembezwa barabarani mchana kweupe kwa nyimbo na zawadi, ingawa sheria ya mwaka 2011 inakataza kitendo hicho waziwazi. Kuna pia jambo dogo ambalo wanaume wengi hatukulifikiria. Tangu mwaka 2017 sheria inaitaka serikali kuwapa wanafunzi wa kike sodo bila malipo, na sodo hizo hugawiwa shuleni. Shule zilipofungwa, mgao nao ukakatika. Katika nyumba ambayo mama alikuwa amepoteza kibarua, msichana angemwomba nani pesa za sodo? Wapo waliompata mwanamume wa kuwapa, na malipo aliyoyadai tunayajua sote.

Masomo yalihamishiwa redioni na kwenye runinga. Lakini msichana akikaa nyumbani, kazi humfuata. Kipindi cha hisabati kinaanza, naye mtungi wa lita 20 haujajaa, mdogo wake analia, betri za redio zimeanza kufifia na baba anataka kusikiliza taarifa ya habari. Kaka yake yuko pale pale nyumbani, ila hakuna anayemtuma maji.

Hapo ndipo ninapowatambua wahisani waliostahili barua zao. Shule zilizokuwa na bahati ziliruhusiwa na wafadhili kutumia pesa za ujenzi au karo kununua unga, maharagwe, sabuni, sodo na karatasi za kunakilia maswali. Wapo waliokubali bila kudai picha, nao huko kwao wakiwa wamefiwa au wamesimamishwa kazi. Mhisani wa namna hiyo namheshimu kuliko yule ambaye jina lake limechongwa kwenye ukuta wa maabara.

Lakini unga haukujipeleka wenyewe. Walimu walioajiriwa na bodi za shule, ambao hawako kwenye orodha ya mishahara ya Tume ya Kuwaajiri Walimu (TSC), walikaa miezi bila chochote. Walimu wa shule za binafsi vilevile; huko Mwea, shule moja ilifikia hatua ya kufuga kuku madarasani. Hata hivyo, wapo waliokwenda boma hadi boma na karatasi za maswali mkobani, na kisingizio cha kusahihisha kazi kikawapa nafasi ya kumwona msichana kwa macho, kuuliza amelala wapi na wale wageni waliokuja jana walitaka nini. Wapo machifu na wazee wa nyumba kumi waliozuia harusi usiku, wakijua kesho watakutana na baba wa msichana sokoni na hatawasalimu. Mhisani wa mbali hupoteza pesa. Hawa walihatarisha ujirani.

Na kuna nyanya. Kenya imekuwa na mwongozo wa kumruhusu msichana aliyejifungua kurudi darasani tangu mwaka 1994, nao ulitumika sana Januari ile shule zilipofunguliwa. Mwongozo hausemi nani atabaki na mtoto. Waliobaki nao ni akina nyanya, wanawake waliokwisha kulea wao na sasa wakaanza upya na uji, nepi na safari za kliniki, ili mjukuu mkubwa akakalie dawati. Karo nazo zikaanza kufuatana mbiombio, maana wizara ilifupisha mihula ili kufidia muda uliopotea, na kalenda haikurudi sawa hadi Januari 2023. Muda wote huo nyanya alikuwa na mtoto mgongoni.

Shule inapoandaa siku ya shukrani, hema la mbele huwekwa viti vya kitambaa, chupa za maji na programu iliyochapishwa, navyo vyote ni vya wageni kutoka Nairobi na ng'ambo. Nawaomba wakuu wa shule watenge safu moja humo kwa nyanya hao, walimu wa bodi na wazee wa nyumba kumi. Waitwe kwa majina, mmoja mmoja, na aliyezuia harusi ya binti, alichofanya kielezwe mbele ya wageni, na binti mwenyewe, kama ataridhia, awe ndiye wa kusimulia.