Mshahara Uliopotelea Njiani

Katika nyumba ya mtumishi wa serikali, siku ya mshahara hujulikana hata na mtoto mdogo. Mama amekwisha kupiga hesabu ya unga, kodi na karo kabla fedha hazijafika. Nchini Kanada, mwaka 2016, siku hiyo ilifika mikono mitupu kwa jamaa nyingi.

Mwezi wa Februari mwaka huo Serikali ya Kanada ilianza kutumia mfumo mpya wa kompyuta wa kulipia mishahara, uitwao Phoenix, badala ya ule uliodumu miaka 40 hivi. Watumishi wapatao 290,000 wa idara 101 walihusika.

Phoenix haukuweza kufanya kazi peke yake. Ulitegemea habari za vyeo, likizo na uhamisho kutoka mifumo mingine zaidi ya 30 iliyokuwa mikononi mwa idara mbalimbali. Baadhi iliungana nao vema; mingine haikuungana, ikabidi makarani waandike habari zile zile mara ya pili.

Lakini hata mashine zilizounganishwa zilitofautiana desturi. Tuseme mtumishi anakaimu cheo cha mkubwa wake kwa mwezi mmoja. Zamani karatasi zake zikichelewa, karani wa mishahara aliyemfahamu alirekebisha hesabu baadaye, na mambo yakaisha. Phoenix ulitaka kuarifiwa kabla ya siku ya malipo. Kila habari iliyochelewa iligeuka kuwa faili la kusahihishwa, na mafaili hayo yakarundikana katika mji wa Miramichi, ambako washauri 460 waliwekwa mahali pa wale 1,200 walioondolewa idarani. Kwa maoni yangu hapo ndipo penye kosa kubwa kuliko la mashine: waliojua kuziba pengo waliondolewa mapema, na jaribio lililopangwa kufanywa katika idara moja likafutwa.

Basi wengine walilipwa pungufu, wengine hawakulipwa kabisa. Wako pia waliozidishiwa, wakafurahi kidogo, kisha wakadaiwa. Mfumo ulitarajiwa kuokoa dola milioni 70 kila mwaka. Kufikia Juni 2017 makosa ya malipo yaliyokuwa hayajarekebishwa yalizidi dola milioni 520. Mwaka uliofuata, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, Bwana Michael Ferguson, aliandika katika taarifa yake kwamba kushindwa huko hakueleweki.