Mkono Juu ya Komeo

Leo tunataka kuzungumza juu ya mambo madogo tunayoyafanya kila siku pasipo kuyafikiri: kuwasha jiko, kufagia uwanja, kunawa uso, kufunga mlango.

Jioni moja nyumbani kwetu tuliketi mezani, tukafumba macho, tukashukuru kwa chakula kama ilivyo desturi yetu. Tulipofumbua macho mtoto wetu mdogo akauliza, “Baba, chakula kiko wapi?” Kweli, sufuria ilikuwa ingali jikoni! Tulicheka sote, lakini usiku ule usingizi ulichelewa. Midomo yetu ilikuwa imeomba, nasi wenyewe hatukuwapo.

Je, basi tuiache desturi? Martin Luther hakufikiri hivyo. Katika Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529 aliwaagiza wakuu wa nyumba wawafundishe watu wao kuomba asubuhi watokapo kitandani, na jioni waendapo kulala: Imani na Sala ya Bwana, na wakipenda, sala fupi nyingine. Angalieni alivyofanya. Aliifunga sala kwenye jambo ambalo mtu hana budi kulitenda, maana kila mtu huamka na kila mtu hulala. Baada ya sala ya asubuhi aende kazini kwa furaha. Baada ya ile ya jioni alale mara moja. (Hilo la mwisho hutushinda wengi.)

Naye Nicolas Herman, aliyeitwa Ndugu Lawrence, aliyefariki mwaka 1691, alitumika jikoni katika nyumba ya watawa huko Paris. Kazi ile hakuipenda kwa asili yake, lakini palepale kati ya masufuria alijizoeza kukumbuka kwamba Mungu yu karibu.

Basi mpendwa, usianze na mambo kumi. Chagua moja. Mama anayepepea makaa aweza kumkumbuka jirani ambaye jiko lake ni baridi leo. Anayengoja matatu aweza kumwombea yule atakayeketi karibu naye. Wala jambo hili si hirizi. Ukisahau, hakuna baya litakalokupata. Utaanza tena kesho.

Sisi tulichagua komeo la mlango. Kijana wetu wa kwanza aliondoka kwenda Mombasa baada ya maneno makali kati yake na sisi, na kwa miezi mingi tuliufunga mlango kila usiku kama mtu afungaye duka. Sasa twasimama kwanza, mkono juu ya komeo, twataja jina lake mbele za Mungu, ndipo twafunga. Siku za kwanza jina lile lilitoka pamoja na hasira. Tuliendelea kulitaja hivyo hivyo, maana hatukuwa na jingine la kufanya. Hata mwezi uliopita, baada ya kufunga, tukachukua simu tukampigia, sisi kwanza. Alipokea, akauliza habari za mdogo wake.