Madoa Meupe Katika Ini la Nguruwe

Mara nyingine nguruwe aliyenenepa vizuri huchinjwa, na mkaguzi wa nyama akalikataa ini lake kwa kuwa lina madoa meupe kama matone ya maziwa. Mwenyewe hushangaa, kwani mnyama wake hakuonekana mgonjwa. Madoa hayo ni makovu ya vita.

Nguruwe humeza mayai ya minyoo mikubwa pamoja na uchafu wa banda. Mayai huanguliwa tumboni, na watoto wa minyoo, wadogo mno, hupenya utumbo na kuchukuliwa na damu mpaka katika ini. Hapo chembe nyeupe za damu, zilizo askari wa mwili, huwazunguka na kupigana nao, na ini huota kovu. Waliookoka huingia mapafuni baada ya siku 6 hadi 8, ndipo nguruwe wachanga hukohoa na kuhema kwa shida. Kisha hukoholewa, humezwa, nao hurudi utumboni. Huko nako, kati ya siku ya 14 na ya 21, walio wengi hufukuzwa nje.

Mwili wa nguruwe aliyeambukizwa mara nyingi hujifunza kuwazuia wageni hao katika ukuta wa utumbo, hata ini lisiguswe. Kwa hiyo ini safi si ushahidi wa banda safi! Nguruwe wachanga hawajapata kinga hiyo, na mayai huishi udongoni miaka mingi. Basi yafaa banda lisuguliwe kwa maji yanayochemka, na nguruwe mwenye mimba aoshwe kwa sabuni kabla ya kuingizwa humo kuzaa.