Je, Wajua? Mguu Ulioumia Unaweza Kupunguziwa Mzigo Huku Ukitembea

Je, wajua kwamba unapotembea mwendo wa kawaida, bila haraka na bila mzigo, kifundo cha mguu wako hubanwa kwa nguvu inayokaribia mara tano ya uzito wako? Ardhi haikusukumi kwa nguvu kubwa hivyo. Msukumo wake unazidi uzito wako kidogo tu. Nguvu iliyosalia hutoka ndani ya mguu wenyewe. Ili kisigino kiinuke, misuli ya shavu la mguu huivuta kano ya Akile, na kila inapovuta, mfupa wa muundi hukandamizwa juu ya mfupa mdogo uitwao talasi. Mtu wa kilo 60 hukibebesha kifundo takriban kilo 300 katika kila hatua. Akijitwika jerikani ya lita 20, kifundo kinaongezewa karibu kilo 100 nyingine.

Hesabu hiyo ni ya tambarare. Gasorwe, katika eneo la Muyinga kaskazini mashariki mwa Burundi, ni nchi ya vilima. Maji, kuni na mikungu ya ndizi husafirishwa kwa kichwa au kwa baiskeli, kupanda na kushuka. Huko pia kuna kambi ya wakimbizi kutoka Kongo, wengi wao wasemaji wa Kiswahili, na maisha yao ya kila siku ni ya kutembea. Mtu wa hapo akivunjika au kuteguka vibaya kifundo, hawezi kuambiwa tu apumzike miezi sita.

Je, wajua kuwa baridi yabisi ya kifundo haifanani na ya goti au ya nyonga? Goti na nyonga mara nyingi huchakaa kwa umri. Kifundo kwa kawaida huchakaa kwa sababu kiliwahi kuumia: mfupa uliovunjika ukaunga vibaya, kano zilizokatika zikakiacha kiungo kikicheza ovyo, au gegedu lililochubuka siku ya ajali. Ndiyo maana kijana wa miaka 30 anaweza kuwa na kifundo cha mzee. Anaanza kuchechemea, anakwepa kukanyaga, misuli inanywea, na maumivu yanapata nafasi zaidi.

Vifaa vya kufunga mguu si vya aina moja, na kuvichanganya huwagharimu wagonjwa. Kile cha plastiki kinachobana kifundo pande zote mbili kina kazi ya kuzuia mguu usipinduke tena. Humfaa sana aliyeteguka, kwa kuwa anaweza kuanza kutembea mapema badala ya kukaa kitandani. Lakini hakimwondolei uzito wa maana. Mzigo bado unapita kwenye kiungo kilekile. Mwenye kifundo kilichosagika anahitaji kifaa cha kuuhamisha mzigo wenyewe. Nguzo ya nyumba ikiliwa na mchwa, fundi hafungi kamba kuizunguka. Husimamisha mti mwingine pembeni ili paa liegemee huko.

Je, wajua mahali mzigo huo unapoegeshwa? Ni chini kidogo ya goti. Pale kuna kano nene inayoshuka kutoka kwenye pia ya goti, na mfupa wa muundi hapo juu ni mpana, umetanuka kama unavyoweza kuhisi ukiupapasa. Sehemu hiyo huvumilia kukandamizwa. Mwishoni mwa miaka ya 1950 wataalamu wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walibuni mguu wa bandia uliokaa hapo kwa waliokatwa chini ya goti. Katika miaka ya 1960 daktari Augusto Sarmiento, mzaliwa wa Kolombia aliyefanya kazi Miami, alichukua umbo lilelile akalitengeneza kwa plasta kwa ajili ya watu waliovunjika muundi. Wagonjwa wake walitembea na plasta, goti likikunjika, na mifupa ikaunga. Kutoka hapo likaja gango la kuvaa na kuvua: kikombe chini ya goti, vyuma viwili vinavyoteremka pembeni, na chini kiatu au bamba linalogusa ardhi. Uzito hupitia kwenye kikombe na vyuma, na unaofika kisiginoni hupungua.

Hupungua, hauishi. Mguu una nyama, na nyama huteleza ndani ya kikombe. Hakuna gango linaloondoa mzigo wote, na anayeahidi hivyo anamdanganya mgonjwa.

Mfano mzuri wa hilo uko kwenye plasta inayoshika mguu mzima bila nafasi, ambayo daktari Paul Brand aliitumia sana Vellore, India, kutibu vidonda vya nyayo vya wagonjwa wa ukoma, kisha ikaenea kwa wenye kisukari. Vipimo vilivyofanywa baadaye vimeonyesha kuwa kuta za plasta hiyo, zile zinazoshika shavu la mguu, hubeba takriban theluthi moja ya mzigo. Sehemu iliyobaki husambazwa kwenye unyayo wote badala ya kulundikana mahali pamoja. Theluthi moja inaweza kusikika kuwa ndogo. Kwa mtu anayekanyaga maelfu ya mara kwa siku, inaweza kuamua kama atalima au atabaki nyumbani.

Je, wajua kwamba vita vya Iraki na Afghanistani vilizaa gango ambalo limewafanya watu wabadili nia ya kukatwa mguu? Katika hospitali ya jeshi la Marekani huko San Antonio, Texas, mtaalamu Ryan Blanck alibuni gango la nyuzi za kaboni lijulikanalo kama IDEO. Lina kikombe kigumu chini ya goti, fito nyuma ya muundi, na bamba la unyayo lililopindwa mbele. Mgonjwa akikanyaga, fito hupinda kidogo na kuhifadhi nguvu; akitaka kuinua mguu, hurudisha nguvu hiyo. Misuli ya shavu haihitaji kuvuta sana, kwa hiyo ule mkandamizo nilioanza nao hupungua kutoka kwenye chanzo chake. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, wagonjwa 50 walikuwa wanafikiria kukatwa mguu kabla ya kupewa gango hilo pamoja na wiki kadhaa za mazoezi makali. Mwishoni 41 kati yao walitaka kubaki na miguu yao. Maneno "pamoja na mazoezi" yana uzito hapo, maana gango lililovaliwa bila mazoezi humwacha mtu na misuli iliyolala.

Nyuzi za kaboni ni ghali, na sidhani kwamba ndizo mtu wa Gasorwe anazozihitaji kwanza. Anamhitaji fundi. Burundi ina kituo chake cha taifa cha viungo bandia na mazoezi ya viungo, CNAR, kilichoko Gitega. Kutoka Muyinga barabara ya kwenda huko hupitia Karusi. Na malighafi iliyoenea katika nchi zenye kipato kidogo ni polipropilini, plastiki ya bei nafuu ambayo Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilianza kuitumia kutengenezea viungo bandia huko Kambodia. Fundi huzungusha bandeji za plasta mguuni, akapata ganda. Hulijaza plasta, akapata sanamu ya mguu. Kisha huichonga sanamu hiyo kwa kisu na tupa: hupunguza pale panapostahili kubeba, huongeza palipo na mfupa wenye ngozi nyembamba. Bamba la plastiki hupashwa moto kwenye tanuri mpaka lilainike, hulazwa juu ya sanamu, hewa ikanyonywa, na likipoa linabaki na umbo la mguu. Kazi yote iko kwenye kile kisu. Milimita chache zikikosewa, mzigo unahamia kwenye ngozi ya mfupa, na mgonjwa anakitupa kifaa uvunguni.

Ujuzi huo unafundishwa kwetu. Chuo cha TATCOT pale hospitali ya KCMC, Moshi, Tanzania, kilianzishwa mwaka 1981 na kimewafunza mafundi kutoka nchi nyingi za Afrika. Na nchini Uganda, Mholanzi Michiel Steenbeek alibuni gango la watoto waliozaliwa na miguu iliyopinda kwa ngozi, mbao na chuma cha kawaida, vitu ambavyo fundi wa mjini anavipata. Gango hilo halikusudiwi kupunguza mzigo, bali kuishikilia miguu iliyonyooshwa isirudi ilikotoka. Nalitaja kwa sababu lilitoka kwenye karakana ya Afrika Mashariki na hadi leo watoto wanalivaa.

Je, wajua namna ya kuamua kama kifundo kilichovimba kinahitaji picha ya eksirei? Kanuni zilizotungwa Ottawa, Kanada, mwaka 1992 ni fupi: ukibonyeza ukingo wa nyuma au ncha ya mmojawapo wa mifupa miwili inayotokeza kwa nje na kwa ndani ya kifundo, na mfupa ukauma, au kama mtu alishindwa kukanyaga hatua nne pale alipoumia na tena akifika kwa mhudumu, apigwe picha. Maumivu ya mfupa katikati ya mguu nayo yana kipimo chake, ambacho mhudumu atakiangalia. Pale ambapo mashine iko mbali, kanuni hizi huokoa nauli na pia huwazuia watu kukandwa mguu uliovunjika.

Aliyepewa gango alivae kwa saa chache siku za mwanzo, kisha aongeze. Akilivua aitazame ngozi. Wekundu unaofutika baada ya nusu saa ni wa kawaida. Usiofutika, au lengelenge, unamrudisha kwa fundi bila kusubiri siku ya miadi. Mwenye kisukari au ukoma, ambaye mguu wake umekufa ganzi, atazame kila jioni, hata kama hasikii chochote. Na kwa kuwa gango huuinua mguu mmoja, fundi aombwe aongeze soli ya kiatu cha mguu wa pili, la sivyo kiuno kinaweza kuanza kuuma.