Tarantula anapokwama katika gamba lake

Katika nyumba kadha wa kadha za Uingereza na Marekani, buibui wakubwa waitwao tarantula hufugwa ndani ya masanduku ya kioo, kama wafugwavyo samaki wa mapambo. Hutokea siku ambayo buibui huyo huonekana amelala chali, miguu juu, kimya kabisa. Asiyefahamu humdhania amekufa, akamtupa jalalani. Kumbe alikuwa hai, akijivua gamba.

Mauti ya tarantula huwa na sura nyingine. Buibui anayekufa kwa kawaida huwa kifudifudi, na miguu yake hujikunja chini ya kiwiliwili mithili ya ngumi iliyofumbwa.

Miongoni mwa tarantula wafugwao ng'ambo wamo wenye asili ya Afrika Mashariki. Pterinochilus murinus, ambaye mara nyingi huwa na rangi ya chungwa, hupatikana Kenya na Tanzania, na vivyo hivyo Pelinobius muticus, mchimba mashimo mwenye rangi ya kahawia.

Kwa nini ajivue?

Buibui hana mifupa ndani ya mwili. Kinachomshikilia ni gamba la nje, na gamba hilo halikui. Tarantula mchanga hujivua mara kadhaa kwa mwaka, ilhali jike aliyekomaa huweza kukaa mwaka mzima au zaidi kabla ya kujivua tena.

Siku au majuma kabla ya kujivua, hukataa chakula na rangi yake hufifia. Wakati ukifika, huongeza msukumo wa damu katika sehemu ya mbele ya mwili hadi gamba la mgongoni linapofunguka kama kifuniko. Kisha huchomoa miguu yake minane, kama mtu avuavyo glavu. Utando wa ndani ya mapafu na wa tumbo la kufyonzea chakula nao hutoka pamoja na gamba hilo.

Kazi hiyo huweza kuchukua dakika chache kwa mdogo, na saa nyingi kwa mkubwa. Katika muda huo hapaswi kuguswa wala kunyunyiziwa maji. Nyenje au mende aliye hai aondolewe sandukuni, kwani mwindwa huweza kumtafuna mwindaji wakati mwili wake ungali laini.

Mambo yanapokwenda kombo

Upungufu wa maji mwilini, udhaifu, jeraha la zamani na uzee ni baadhi ya sababu za buibui kukwama. Hatari ni kwamba gamba jipya hukauka na kuwa gumu huku miguu ingali imefungwa ndani ya lile la zamani.

Iwapo gamba limefunguka lakini saa nyingi zimepita bila hatua yoyote, ndipo msaada huhitajika. Brashi laini ya kuchorea, iliyochovywa katika maji ya uvuguvugu, hutumiwa kulowesha sehemu zilizokwama tu. Sehemu ya chini ya tumbo, yalipo matundu ya mapafu, isiloweshwe. Gamba la zamani likishalainika, huvutwa polepole kwa kibanio kufuata mwelekeo wa mguu. Likikataa, huachwa na kuloweshwa tena. Kwa tarantula wa Kiafrika tahadhari huzidi, kwani ni wepesi na sumu yao huleta maumivu makali.

Mguu mmoja uliopotoka si sababu ya kukata tamaa. Tarantula huweza kuutupa mguu ulioharibika, na mwingine huota katika kujivua kunakofuata, ingawa mwanzoni huwa mdogo.

Uuguzi baada ya hapo

Jambo la kwanza ni damu. Damu ya buibui ina rangi ya samawati hafifu, kwa kuwa hubeba hewa ya oksijeni kwa madini ya shaba badala ya chuma. Tone dogo likitoka mguuni, unga wa wanga wa mahindi husaidia kulizuia.

La pili ni maji. Chombo kifupi cha maji kiwekwe karibu naye. Aliyedhoofika sana huweza kusogezwa ili kinywa chake, kilicho upande wa chini, kifikie maji huku tumbo likibaki pakavu. Udongo uwe na unyevu upande mmoja na hewa ipite, kwani sanduku lililolowa huota ukungu. Asiwekwe mahali pa juu pia, maana anguko dogo huweza kumpasua tumbo.

La tatu ni subira ya chakula. Meno ya sumu hutoka yakiwa meupe, hugeuka mekundu, kisha meusi. Kabla ya weusi huo hayafai kitu. Mdogo husubiri takriban siku saba, mkubwa wiki mbili au zaidi. Mlo wa kwanza uwe nyenje aliyekwisha kuuawa na kupondwa, ili afyonze majimaji bila kupigana.

Gamba lililovuliwa nalo lichunguzwe. Utando wa tumbo la kufyonzea ukiwa haukutoka, buibui hushindwa kumeza, na hapo mfugaji hana la kufanya zaidi ya kutafuta ushauri wa daktari wa wanyama mwenye ujuzi wa viumbe wa aina hiyo.

Sheria ya ustawi wa wanyama ya mwaka 2006, inayotumika England na Wales, huwalinda wanyama wenye uti wa mgongo. Buibui hayumo. Kwa hiyo uamuzi wa kuendelea kumuuguza au kumwondolea mateso hubaki katika dhamiri ya mfugaji. Anayekunywa maji na kusogeza miguu, hata kwa kuchechemea, bado ana nafasi: akifika salama katika kujivua kwa mara nyingine, sehemu kubwa ya ulemavu wake huenda ikabaki katika gamba atakaloliacha.